Jifunzeni Kuisoma Fimbo: Nasaha kwa Vijana wa Evere

Wanangu na wajukuu zangu mliozaliwa Evere, Schaerbeek na Zaventem, leo nataka tuzungumze juu ya fimbo. Nakusudia fimbo ya enzi ya Waluba wa Katanga, ile iitwayo kibango: mti uliochongwa na fundi, ukazungushiwa waya wa shaba, ukatiwa chuma kwenye ncha ya chini. Nyingi ziko katika makumbusho na nyumba za matajiri Ulaya na Marekani, na baadhi ziko katika makumbusho ya Tervuren, mwendo mfupi kutoka hapa tunapoishi. Nyinyi mnapita Boulevard Léopold III kila asubuhi mkienda shule na kazini, mnaona bendera za NATO, mnavijua vituo vyote vya tramu. Lakini nikiwauliza kibango husomwaje, mnanyamaza. Siwalaumu, kwa sababu sisi wazazi wenu tulikuwa kwenye zamu za usiku, tukawaachia mjifunze wenyewe. Basi nisikilizeni sasa.

Fahamuni kwanza kazi yake. Mtawala wa Kiluba alipotawazwa aliishika fimbo akila kiapo. Alipokaa barazani kusikiliza mashauri, fimbo ilichomekwa ardhini kando yake, na hiyo ndiyo kazi ya ile ncha ya chuma. Haikuwa mali ya mfalme mkuu peke yake. Machifu wadogo walikuwa nazo, wenye vyeo walikuwa nazo, wanawake wenye madaraka walikuwa nazo, hata bilumbu, wale wapiga ramli wanaopandwa na mizimu, walikuwa nazo. Kila moja ilichongwa kwa ajili ya ukoo fulani na cheo fulani, na aliyeishika alipaswa kuieleza: ukoo wake ulitoka wapi, ulipita wapi, ulipewaje madaraka, na nani kati ya mababu alikaa karibu na kiti cha enzi.

Sasa tuisome. Anzeni chini, penye chuma, mpande juu. Mtaona sehemu ndefu nyembamba isiyo na nakshi nyingi. Wazee wanasema hiyo ni mbuga isiyokaliwa na watu, njia ndefu ya kwenda kwenye makao ya mfalme. Jicho lako linatakiwa litembee hapo kama msafiri anavyotembea, bila haraka. Kisha mti unapanuka, unakuwa bapa na mpana, umejaa mistari iliyokatana na kufanya vijumba vya pembe nne. Hapo umefika penye watu. Ni mji wa utawala, na ile mistari ni bizila, miiko ya ufalme, mambo ambayo mtawala mwenyewe haruhusiwi kuyavunja. Mkikuta fimbo yenye sehemu pana zaidi ya moja, jueni kwamba inataja makao zaidi ya moja. Nchi ya Waluba haikutawaliwa kutoka mahali pamoja. Ilikuwa na miji mingi ya enzi, ya walio hai na ya waliokwisha kufa, na kila ukoo ulihesabu umbali wake kutoka kwa kila mmoja.

Juu kabisa yuko mwanamke. Wakati mwingine ni wawili, wameelekeana au wamekumbatiana. Hapa nataka mabinti zangu wasogee karibu, maana watu wengi hupita mbele ya kioo wakidhani ni mke wa chifu au urembo wa mchongaji. Wale wawili wazee huwaita Mpanga na Banze, mapacha wa kimizimu wanaoulinda ufalme. Mikono iko kwenye matiti kwa sababu siri za enzi zimetunzwa humo, kifuani mwa mwanamke. Nywele zilizosukwa kwa ustadi na chale za mwilini ni alama za mtu aliyekamilika, anayestahili kukaliwa na roho. Waluba wanaamini kwamba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kubeba roho nzito kama ya mfalme.

Na hili halikuishia kwenye mti. Mfalme alipokufa, alitokea mwanamke aliyepandwa na roho yake, akaitwa mwadi. Alipewa vitu vya enzi vya marehemu, akakaa katika makao yake, na makao hayo yakawa kitenta, mji wa roho ya mfalme yule. Watu walimwendea kwa heshima ileile waliyompa mfalme akiwa hai. Mfalme mpya alijenga mji wake kwingine, akauacha ule wa mtangulizi wake mikononi mwa mwanamke. Kwa hiyo, binti yangu, ukiambiwa ukumbini hapa Evere kwamba mila zetu hazina nafasi ya mwanamke kusema mbele ya wanaume, muulize huyo anayesema: kwenye kibango juu kabisa kumechongwa nani?

Fimbo haikuwa peke yake. Kulikuwa na chama cha Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, na ndani yake wale waitwao bana balute, mabingwa wa kuikariri historia. Wao walikuwa na lukasa, kibao kinachoshikika kwa mkono mmoja, kilichopachikwa shanga, kauri na vijiti vya chuma. Bingwa alipitisha kidole juu ya shanga huku akiimba na kusimulia safari za mashujaa na mpangilio wa baraza la mfalme. Mbudye ndio waliomfundisha mtawala historia ya ufalme, na ndio waliomzuia alipopotoka. Mfalme hakuweza kujitungia ukoo wala kujiongezea sifa, maana walikuwapo watu wenye kuisoma fimbo yake wakajua amesema uongo.

Nalikazia jambo hilo kwa sababu kizazi chetu kilimwona Mobutu na fimbo yake, ile aliyoibeba kila alikokwenda pamoja na kofia ya chui. Watu wengi wakadhani ule ndio uchifu wa Kiafrika: mtu mmoja, fimbo moja, wengine kupiga makofi. Mimi nasema haukuwa. Fimbo ya Mobutu haikuwa na baraza la kuisoma. Hakuna aliyekuwa na haki ya kusimama na kusema, hapa bwana umevunja mwiko. Tangu 1965 mpaka 1997 nchi yetu ilitawaliwa na fimbo isiyo na bizila, na matokeo yake nyinyi mnayajua, maana ndiyo yaliyowaleta wengi wa wazazi wenu katika jiji hili. Huko Tanzania Mwalimu Nyerere naye alikuwa na kifimbo chake, lakini mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari yake. Pimeni tofauti.

Simulizi la asili la Waluba linafundisha jambo hilihili. Alikuwapo Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mkatili na mlevi, mtu asiye na staha. Akaja kutoka mashariki mwindaji, Mbidi Kiluwe, mtu mpole mwenye adabu, aliyekula faraghani na kuchunga kinywa chake. Mbidi akaoa dada za Nkongolo, akazaliwa Kalala Ilunga. Nkongolo alimwonea kijana wivu, akamwalika kwenye ngoma, na chini ya mkeka kulikuwa na shimo lenye mikuki. Kijana alionywa na mpiga ngoma wake, akaruka, akakimbilia kwa baba yake. Aliporudi na jeshi, Nkongolo alikamatwa akauawa, na Kalala Ilunga akawa chanzo cha ufalme wenye adabu. Walichotofautiana Nkongolo na Mbidi hakikuwa nguvu. Nkongolo alikuwa nazo tele. Kilichomkosesha enzi ni kukosa kujizuia.

Msidhani haya ni maneno matupu ya jioni. Kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale mwaka 1957, na baadaye Pierre de Maret, mwalimu wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, aliendeleza kazi hiyo. Walikuta watu waliozikwa na vyungu vizuri, mapambo ya shaba, mashoka ya heshima, na nyundo za mhunzi, katika makaburi ambayo mengine yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Alama za ukubwa zilikuwa zinatengenezwa huko kwenye bonde la Upemba kabla Ubelgiji haijawa nchi. Nawaambia hivi ili mkikaa darasani mkasikia kwamba historia ya Kongo inaanza na Stanley, mnyanyue mkono kwa adabu, mtaje Sanga.

Sasa fimbo zilifikaje huku? Njia zilikuwa nyingi na nawaomba mzitofautishe. Nyingine zilinunuliwa. Nyingine zilitolewa zawadi, na zawadi apewayo mwenye bunduki ina maswali yake. Nyingine ziliachwa na watu waliobatizwa wakaambiwa wavitupe vitu vya wazee. Na nyingine zilichukuliwa kwa damu. Mfano ninaowapa vijana daima ni wa jirani zetu Watabwa. Desemba 1884 Luteni Émile Storms, aliyekuwa na ngome Mpala kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, alituma watu wamshambulie chifu Lusinga. Lusinga aliuawa, akakatwa kichwa, fuvu lake likaletwa Ubelgiji. Sanamu ya mzimu wa ukoo wake ilichukuliwa pia, nayo sasa iko Tervuren. Sanamu ya kumtukuza Storms ilisimama katika bustani ya Square de Meeûs mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Ukipita pale ukiwa unatoka kazini, ujue umepita mahali gani.

Tervuren penyewe pana kaburi linalotuhusu. Katika maonyesho ya mwaka 1897 Mfalme Léopold wa Pili aliletewa Wakongo 267 ili watazamwe na umati, na saba kati yao walikufa. Wamezikwa kando ya kanisa la mji ule. Mkienda kuona fimbo, pitieni kwao kwanza. Makumbusho yalifungwa mwaka 2013 yakafunguliwa upya Desemba 2018, yakiwa na maelezo mapya na majuto mengi kwenye kuta. Juni 2022 Mfalme Philippe alikwenda Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakiacha kwa mkopo usio na kikomo, na Julai mwaka huohuo Ubelgiji ikapata sheria ya kurudisha vitu vilivyopatikana isivyo halali wakati wa ukoloni. Kakuungu ni cha Wakongo tangu kilipochongwa, na mimi sioni haki katika kumkopesha mtu kitu chake. Hata hivyo mlango umefunguliwa kidogo, na hapo ndipo nawataka nyinyi.

Najua vijana wetu wanajua kupiga kelele za haki, na kelele hizo zina kazi yake. Lakini itafika siku fimbo itawekwa mezani, ofisa aulize: hii ni ya ukoo gani, ilikaa kijiji gani, ilisemwaje? Katika makumbusho mengi kibandiko kinasema tu: fimbo, Luba, mti na shaba. Jina la mwenyewe halipo, la fundi halipo, na maneno yake hayapo. Mti ulisafiri, maneno yalibaki nyumbani. Yalibaki Kabongo, Kamina, Mwanza ya kwetu Katanga, Malemba-Nkulu, kwa wazee ambao kila mwaka wanapungua. Fimbo ikirudishwa leo bila maneno, itatoka kwenye kioo kimoja iingie kwenye kioo kingine. Kazi ya kuyakusanya maneno hayo haiwezi kufanywa na ofisa wa Tervuren, hata awe mwema namna gani. Ni kazi ya watoto wa ukoo.

Na inawezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanamke Mmarekani, Mary Nooter Roberts, alikwenda kukaa na Waluba, akauliza, akasikiliza, akaandika. Mwaka 1996 yeye na mumewe Allen Roberts walifanya maonyesho makubwa New York juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu. Mengi ambayo ulimwengu unajua juu ya kusoma fimbo na lukasa yametokana na kazi ya watu kama hao. Namshukuru Mary, Mungu amlaze pema. Lakini yeye alianza bila lugha na bila shangazi. Nyinyi mna shangazi, mna nkambo, yaani babu na bibi, mna simu mkononi.

Kuna maonyo matatu nisiyoweza kuyaacha, na la kwanza ni la kanisani. Baadhi ya wachungaji katika makanisa yetu ya hapa watawaambia kwamba fimbo hizi ni mashetani. Mimi ni Mkristo na ninasali kila Jumapili, sibishani na imani ya mtu. Ila mjue kwamba William Burton, mmisionari wa Kiprotestanti aliyefungua kazi yake Mwanza mwaka 1915 na kukaa miongoni mwa Waluba miaka mingi, aliandika kitabu kizima juu ya dini na mila zao, na makumbusho ya Tervuren ndiyo yaliyokichapa mwaka 1961. Yeye aliona inafaa kujua. Kujua maana ya kitu hakumfanyi mtu akiabudu, na kijana asiyejua babu yake aliapa kwa kitu gani hana anachokikataa wala anachokikubali.

La pili ni la sherehe. Siku hizi kwenye mahari na harusi naona wanaume wanavaa vitambaa vya chui na kushika fimbo zilizonunuliwa soko la Jeu de Balle au kuagizwa kwenye intaneti. Nyingi zimechongwa jana, zikapakwa rangi na moshi zionekane za kale. Kucheza nazo hakumuui mtu. Kinachonisikitisha ni kijana kujiita chifu mbele ya wakwe, huku akiulizwa kijiji cha baba yake hawezi kukitaja. Shika mkono wa mkeo, vaa suti yako safi, mtaje babu yako kwa jina na mahali alipozaliwa. Wakwe wataridhika zaidi.

La tatu ni zito kuliko yote mawili. Msiifanye fimbo hii rungu la kuwapigia wengine. Mwaka 1960 nchi yetu Katanga iligawanyika kati ya watu wa Tshombe, waliotaka Katanga ijitenge, na watu wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, na damu nyingi ilimwagika huko kaskazini. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala kwenye vituo vya treni Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa palepale na hawajawahi kuiona Kasai. Nao ni Waluba, wana jina moja nasi. Mabaki ya chuki hiyo yamesafiri mpaka huku. Nayasikia kwenye matanga, nayasikia kwenye makundi ya simu. Mtu akitumia habari za Kalala Ilunga ili kumwonyesha jirani yake kwamba yeye si mtu, huyo amerudi kwa Nkongolo. Na kumbukeni kwamba hiki Kiswahili tunachoelewana nacho sisi na Watabwa, na watu wa Bukavu na Goma, na Watanzania tunaokutana nao Brussels, kilifika kwetu na misafara ya pembe na watumwa, kikakua kwenye migodi ya shaba. Hakikuzaliwa mahali safi, na bado tunasalimiana nacho, tunazikana nacho. Tumieni lugha hiyo kuulizana habari za fimbo za wenzenu pia: Wahemba, Wasonge, Watabwa wana zao.

Basi fanyeni hivi. Wawili watatu, si lazima kundi kubwa, pandeni tramu 44 pale Montgomery, inapita msituni mpaka Tervuren. Makumbusho hufungwa Jumatatu. Mchukueni mtu mzima wa nyumbani, hata kama atasema miguu inamuuma. Simameni mbele ya kibango kimoja tu, msikimbie chumba kizima. Kisomeni kutoka chini kwenda juu kama nilivyowaeleza. Andikeni namba yake ya makumbusho, na mahali kilipotoka kama pametajwa. Kisha mpigieni nkambo wenu Kamina, Lubumbashi au popote alipo, mwambieni mlichokiona, halafu mnyamaze aseme yeye. Mrekodini kwa ruhusa yake. Akisema jambo fulani halisemwi kwa simu, msimlazimishe. Hiyo nayo ni bizila. Ulizeni jina la baba yake, jina la mama yake, vijiji walivyohama, na chifu waliyemtii, kama ni Kasongo Niembo au Kabongo au mwingine. Mkisikia jina msilolijua, muulize linaandikwaje.

Wala msiniambie kwamba huko ni mbali na saa hazilingani. Wakati wa kiangazi saa ya Kamina na saa ya Evere ni moja, na wakati wa baridi Kamina hutangulia kwa saa moja tu. Pigeni jioni hii, watu wakiwa wamekwisha kula.